Daftari la Pili la Hesabu

Jumatatu, kengele ya kumaliza mapumziko ilipolia, Bi Mraba alirudi darasani, akatazama ubaoni, akaganda pale mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Swali la tatu halikuwa lake.

Yeye aliandika nane jumlisha tatu. Hilo angeliapia mbele ya mtu yeyote. Aliliandika kwa mkono wake mwenyewe kabla ya mapumziko, kutoka kwenye kitabu kile kile alichokifundisha miaka kumi na tisa. Sasa mbele ya ile nane palikuwa na kistari cha chaki, kimenyooka, kimetulia, kana kwamba kilikuwapo tangu ubao utundikwe. Hasi nane jumlisha tatu. Hilo ni swali jingine, na jibu lake jingine.

"Nani amegusa ubao wangu?"

Watoto arobaini na wawili walimtazama. Hakuna hata aliyekohoa. Hapo ndipo alipoingiwa na wasiwasi, maana watoto wasio na hatia hubishana, husingiziana, mmoja humsukuma mwenzake asimame. Hawa walinyamaza kwa pamoja. Hiki ni kimya cha kupangwa, akajiambia. Hawa wametumwa.

Haya, tumjue kwanza. Jina lake halisi liko kwenye faili ofisini, na huko likae. Watoto walimwita Bi Mraba kwa sababu alikuwa mfupi na mpana kwa kipimo kimoja, na kwa sababu kwake kila kitu lazima kinyooke: pambizo za daftari, kola za mashati, hata foleni ya kwenda chooni. Hakuwa mwalimu mbaya, tusimwonee. Mtoto akikwama kwenye kugawanya, alikaa naye mpaka mfagizi aje kufunga madirisha, na Jumamosi alikuja bila kuitwa na mtu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kushuku. Umsalimie kwa furaha, atajiuliza unataka nini. Usimsalimie, basi umetoka kumsengenya. Na macho yake aliyaamini kuliko kitu chochote duniani. "Mimi naona," alipenda kusema, na kweli aliona: mtoto akitafuna kitu dawati la mwisho kabisa, kichwa amekiinamisha, Bi Mraba alimwita kwa jina akiwa ubaoni.

Wiki hiyo alikuwa na sababu ya kushuku. Zilibaki wiki sita kufika mtihani wa mwisho, ule unaoamua nani aende sekondari na nani abaki nyumbani. Mwalimu mkuu alikuwa ametangaza kwamba Alhamisi ataamua nani ashike marudio ya hesabu kwa wiki hizo sita. Miaka yote hapakuwa na cha kuamua, darasa la mwisho lilikuwa la Bi Mraba, basi. Lakini alama za majaribio mawili ya mwaka huu, alizozisahihisha yeye mwenyewe, zilikuwa zimeporomoka, na mwalimu mkuu alikuwa ameanza kupita nje ya madirisha na kuchungulia ubao wake, mikono nyuma. Tena shule ilikuwa imepata mwalimu mpya wa hesabu, kijana, miguu mirefu, akitembea anaitanua kwa hatua moja kubwa, watoto wakamwita Bikari, kama ile ya kuchorea duara. Darasa hili ndilo lililokuwa maisha ya Bi Mraba. Hakuzaa, hakuolewa tena baada ya kufiwa. Wamchukulie darasa, abaki na nini?

Kwa hiyo alipokiona kile kistari hakuhitaji kuzunguka. Bikari anataka darasa. Anabadilisha maswali, watoto wanakosea, mimi naonekana sijui kufundisha.

Alikifuta kile kistari kwa kiganja. Dawati la nyuma, kiranja wa darasa, msichana mwembamba mwenye sauti ndogo, alimtazama mwenzake wa pembeni, kisha akainamia daftari lake. Bi Mraba aliliona hilo pia. Msichana huyu alikuwa akikaa mbele. Muhula wa kwanza alimfuata mezani kumbishia jibu mbele ya darasa zima, akahamishwa nyuma, akaandikishwa jibu sahihi mara ishirini. Tangu siku ile hakuleta neno tena. Sasa Bi Mraba akaona amejua fundo lilipo: huyo ana kinyongo, na mwenye kinyongo hununuliwa kirahisi.

Mchana, kwenye ofisi ya walimu, Bikari alisimama alipomwona anaingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Marudio yanakwendaje?"

"Yanakwenda."

"Kama utahitaji mkono wangu, usisite kuniambia."

"Mkono wa nini?"

"Kusaidiana tu, mwalimu." Kijana akacheka kidogo, akamvutia kiti.

Bi Mraba hakukaa. Mtu havutiwi kiti bure. Alichukua madaftari yake akaenda kusahihisha chini ya dirisha, ambako siku hizi alipenda kukaa kwa sababu balbu za ofisi, kwa maelezo yake, zilikuwa za bei rahisi na hazina mwanga. Karatasi nazo zilikuwa mbovu. Penseli za watoto wa siku hizi, usiseme! Haziandiki, zinakwaruza tu. Alilisogeza daftari mpaka mkono ukanyooka wote, akaweka mikasi yake myekundu ya makosa, akapata hasira. Walikuwa wamekosa wengi.

Jumanne ikawa mbaya zaidi. Alirudi kutoka mapumziko akakuta ile pembetatu yake pacha imechezewa. Pembe ya juu aliipa nyuzi themanini na nane, na alikuwa ameshapiga hesabu kichwani: kila pembe ya chini ni arobaini na sita. Sasa ilisomeka thelathini na nane. Na swali la nane, ule mlinganyo wa kutafuta x, upande wa kulia aliandika kumi na nane. Palikuwa na kistari kingine. Hasi kumi na nane. Na mwandiko, jamani, ulikuwa wake! Hata ile tatu yake yenye kiuno chembamba waliigiza. Mtu anayejifunza mwandiko wako hana nia ndogo.

Mchana huo watoto walipokwenda uwanjani kwa michezo, alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alipita dawati kwa dawati akapekua. Katika dawati la tatu alikuta daftari la hesabu, kama ilivyo haki. Chini yake, limefichwa ndani ya gamba la kitabu cha sayansi, alikuta daftari la pili la hesabu. Akafungua dawati la pembeni, mawili. La nyuma yake, mawili. Madawati yote aliyofungua tangu hapo yalikuwa na madaftari mawili ya hesabu, moja la kuonyesha na moja la kuficha.

Alilifungua la siri akalipeleka dirishani. Maswali yalikuwa yake, yote, tangu mwanzo wa mwaka, kwa tarehe. Majibu hayakuwa yake. Pale alipofundisha kumi na moja, hawa waliandika tano. Pale aliposema x ni nane, hawa waliandika nne. Basi si ubao tu! Bikari anawafundisha pembeni, anawakusanya mahali, anawajaza majibu ya uongo, na watoto wanakubali. Aliketi kwenye dawati la mtoto. Iliuma, tusifiche. Angeweza kumsamehe Bikari kumchukia, lakini hawa watoto aliwafundisha kushika penseli.

Akalitia lile daftari mkobani. Huo ulikuwa ushahidi.

Jioni mdogo wake wa kike, ambaye waliishi pamoja na ambaye alikuwa fundi cherehani, alimkuta mezani na lile daftari amelishika kwa mbali.

"Dada, hilo daftari linanuka?"

"Kwa nini?"

"Unavyolikwepa."

"Niache. Hapa pana njama." Akamweleza yote, kuanzia kistari cha kwanza mpaka gamba la kitabu cha sayansi. Mdogo wake alisikiliza huku akivuta uzi kwenye pindo la gauni la mteja.

"Dada yangu, wewe hata mimi ukinikuta nafagia utauliza nani kanituma. Hebu lete." Akalitazama. "Hizi namba mbona zina vistari mbele?"

"Vistari gani?"

"Hivi hapa. Hasi tano. Hasi nne. Kila mahali."

"Huo ni uchafu wa penseli."

"Uchafu unakaa mbele ya namba tu, tena sawasawa?" Mdogo mtu akaweka sindano chini. "Dada, mara ngapi nimekuambia twende tukapime macho? Chumvi juzi ulisoma kwenye pakiti ukasema ni sukari."

"Macho yangu yanamwona mtu akiwa kule barabarani, namjua kwa mwendo. Wewe unaweza?"

"Ya mbali sikatai. Nakuuliza ya karibu."

Bi Mraba alimnyang'anya daftari. Ghafla alimtazama mdogo wake kwa jicho jingine. Nani alimshonea Bikari ile suruali ya kijivu mwezi uliopita? Huyu huyu. Kumbe hata nyumbani!

"Umeanza na wewe," alisema, akaenda chumbani.

Jumatano asubuhi alibisha ofisini kwa mwalimu mkuu, mzee mtaratibu aliyezoea kukunja karatasi kabla ya kujibu. Alisema yote bila kutua: kwamba Bikari anabadilisha maswali ubaoni, anafundisha darasa lake kwa siri, anawalisha watoto majibu ya uongo ili yeye aonekane hafai.

Mwalimu mkuu alikunja karatasi, akaikunja tena. "Hii ni tuhuma nzito, mwalimu."

"Najua."

"Ikiwa ni kweli, kijana huyu hafundishi hapa tena, wala sidhani atafundisha mahali pengine. Ikiwa si kweli, wewe na mimi tutakuwa na mazungumzo mengine. Ushahidi unao?"

"Ninao. Nitautoa mbele yake."

"Basi kesho baada ya mapumziko nitakuja naye darasani kwako. Nitakuona ukifundisha, nitauona huo ushahidi, na suala la marudio nitalimaliza hapo hapo."

Alitoka ofisini ameridhika. Ila alijijua. Daftari bila mkosaji kukamatwa ni nusu ya kesi. Alitaka kuliona lile jizi la vistari kwa macho yake.

Pembeni mwa darasa palikuwa na stoo ndogo ya vifaa, yenye mlango wake kwenye ujia. Ndani mlikuwa na pembetatu kubwa za mbao, kipimapembe kilichovunjika, ramani zilizoviringishwa na maboksi ya vitabu vya zamani. Ukuta wa kutenganisha na darasa ulikuwa wa mbao, na ubao mmoja ulikuwa umeachana na mwenzake, ukaacha nafasi ya kidole.

Alhamisi aliandika maswali kumi, polepole, kwa herufi kubwa. Namba kamili manne, milinganyo mitatu, maumbo matatu, yamechanganyika. Akasoma kitabu, akaandika, akasoma, akaandika. Kengele ilipolia alitia kitabu mkobani, akauning'iniza begani, akachukua kikombe chake kwa makusudi wakione, akasema, "Mtulie, nakwenda kunywa chai," akatoka. Alitembea hatua kumi kwa kishindo, kisha akavua viatu, akarudi kwa vidole, akajipenyeza stoo. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, viatu mkononi, amechuchumaa kati ya maboksi! Angemkuta mtoto katika hali hiyo angempeleka ofisini moja kwa moja.

Akatia jicho kwenye upenyo.

Hakuna aliyetoka kucheza, na Bikari hakuonekana. Mtoto mmoja alikwenda kusimama mlangoni akachungulia nje. "Kaenda," alisema.

Kiranja aliinuka kule nyuma, akaja mbele na kitabu kimefunguliwa. Mvulana mrefu kuliko wote, waliyemwita Ngazi, akachukua chaki.

"La kwanza sawa," kiranja alisoma. "La pili kaacha hasi mbele ya kumi na mbili. Weka. Fupi, Ngazi, yeye haandiki ndefu hivyo. La tatu sawa. La nne sawa. La tano, mlinganyo, kitabuni ni x jumlisha tano ni sawa na hasi mbili. Kaandika mbili."

"Naweka."

"La saba, upande wa mstatili ni sita, siyo nane. Futa kwa kidole, usitumie dasta, itaacha alama."

"Leo makosa machache," Ngazi alisema. "Juzi yalikuwa saba. Labda anapona."

"Macho hayaponi hivyo. Bibi yangu alikuwa vile vile, vya mbali anaviona, vya karibu anapapasa. Alipovalishwa miwani ndiyo akaanza kusoma tena. La tisa, hasi. Basi. Manne tu."

Mtoto mmoja wa dawati la katikati, aliyeitwa Redio kwa mdomo wake, na kwa haki, alisema kwa sauti, "Mimi nimechoka. Tunaandika madaftari mawili, moja la kumfurahisha, moja la ukweli. Kwenye jaribio tukaandika ya kweli, akatufelisha wote. Nyumbani nilikiona cha moto. Si bora aje Bikari tufaulu?"

Baadhi walinong'ona kwamba ni kweli.

"Nani alikufundisha sehemu?" kiranja aliuliza.

Redio akainamia daftari lake.

"Nakuuliza. Ulikuwa unalia, unasema wewe kichwa chako kibovu. Nani alikaa na wewe Jumamosi tatu?"

"Yeye. Lakini mtihani, je? Wiki sita! Mtihani hatutausahihisha ubaoni."

"Basi tumwambie," Ngazi alisema.

"Mwambie wewe," kiranja alisema. "Mimi nilimwambia. Nilimpelekea kitabu, nikamwonyesha kwa kidole, 'Mwalimu, hapa kuna hasi.' Akasema namletea jeuri, akaniuliza nani kanituma. Ndiyo niko nyuma kule. Niliandika kumi na moja mara ishirini, na jibu ni hasi tano." Akakifunga kitabu. "Mkitaka aondolewe, mwambieni mwalimu mkuu. Anapita hapo dirishani kila siku, ndiyo maana wiki hii tumeanza kuusahihisha ubao. Mimi siwezi."

Ngazi alipuliza vumbi la chaki ubaoni, wakarudi kwenye viti vyao.

Kule stoo, Bi Mraba alikuwa ameacha kuchungulia. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye boksi. Aliikumbuka siku ile vizuri, kidole cha mtoto juu ya ukurasa, na yeye akiwa hakutazama hata kidogo, alimtazama mtoto usoni akitafuta uongo. Alifungua kitabu chake sasa, akakisogeza mbali kwenye mwanga uliopita mlangoni, mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. Kwenye swali la pili, mbele ya kumi na mbili, aliona kitu. Kilikuwa kidogo, cha kijivu, kama unywele ulioanguka. Akakipangusa kwa kidole. Hakikutoka.

Alilia bila sauti, mkono mdomoni. Kisha, kwa kuwa binadamu ni binadamu, akaanza kupiga hesabu nyingine. Ubao sasa ni safi. Maswali yote kumi ni sahihi. Mwalimu mkuu ataingia, watoto watajibu vizuri, atafurahi, atampa wiki sita. Daftari libaki mkobani. Kuhusu Bikari, aseme tu kwamba alikosea, shuku zake wote wanazijua, watacheka. Jumamosi aende kupima macho kimya kimya. Hakuna atakayejua. Watoto hawatasema, wamenyamaza mwaka mzima.

Ilikuwa hesabu nzuri, na ilitoka sawasawa. Aliirudia mara mbili huku akivaa viatu.

Alipoingia darasani, mwalimu mkuu alikuwa ameshakaa kiti cha pembeni, na Bikari amesimama karibu na dirisha, mikono ameikunja. Alikuwa ameambiwa. Uso wake haukuwa na kicheko, na macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye usingizi hakuupata. Bi Mraba alimtazama na kwa mara ya kwanza akamwona alivyo mdogo. Angeweza kuwa mwanawe.

"Tuanze," mwalimu mkuu alisema.

Wakaanza. La kwanza, mikono ikapanda. La pili, hasi kumi na mbili jumlisha saba, Redio akajibu hasi tano. La tano, wakahamisha namba, x ikawa hasi saba. Watoto walijibu haraka, kwa bidii, wakimtazama yeye na siyo ubao, na mwalimu mkuu akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Walipofika la saba, eneo la mstatili, akainua mkono.

"Inatosha. Nimeridhika, mwalimu. Darasa liko vizuri kuliko alama zake zinavyosema. Sasa ule ushahidi. Mwenzako hajalala."

Bi Mraba alishika kamba ya mkoba. Angeweza kusema maneno matatu tu, "Samahani, nilikosea," na kengele ingelia.

Alifungua mkoba akatoa lile daftari. Redio, aliyelitambua, alitoa sauti ndogo.

"Huu hapa," alisema. "Ila si wa kwake. Ni wa kwangu."

Mwalimu mkuu alilipokea, akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Yeye macho yake yalikuwa na miwani. Alisoma kwa muda mrefu, kisha akanyanyua kichwa. "Majibu haya ni sahihi."

"Ni sahihi. Yangu ndiyo mabaya. Na hayo yaliyo ubaoni siyo niliyoandika. Niliandika manne vibaya leo. Siioni alama ya hasi kitabuni, mwalimu mkuu. Naona namba, hasi siioni, na sita naiona nane. Wao ndio wananisahihishia nikitoka." Alimgeukia Bikari. "Na wewe, mwanangu, nimekuchafulia jina bure. Hukugusa kitu. Nisamehe."

Bikari akaikunjua mikono yake.

Mwalimu mkuu hakukunja karatasi yoyote. "Tangu lini?" aliuliza, akilitazama darasa.

Kiranja alisimama kule nyuma. "Leo tu, mwalimu mkuu."

"Leo tu?"

"Ndiyo. Ni leo tu."

"Leo tu!" Ngazi aliruka. "Mwalimu alikuwa na haraka." Na darasa zima likaitikia, Redio kwa sauti kuliko wote, "Ni leo tu!" wakati daftari lenye kurasa themanini, lenye tarehe za tangu muhula wa kwanza, liko wazi mkononi mwa mwalimu mkuu.

Bi Mraba, aliyenusa uongo miaka yote mahali usipokuwapo, sasa aliusikia uongo wa kweli, wa watoto arobaini na wawili kwa pamoja. Hakuweza kuwakemea. Machozi yalimtoka mbele yao na hakuyaficha.

"Wanadanganya," alimwambia mwalimu mkuu. "Ni tangu muhula wa kwanza. Yule pale aliniambia, nikamwadhibu." Akamwonyesha Bikari kwa mkono. "Wiki sita ni za mtihani wao. Mpe huyu. Usinipe mimi."

Mwalimu mkuu alisimama, akatikisa kichwa kukubali. Bi Mraba akatoa chaki, akamwekea Bikari mkononi, akaenda kukaa kwenye kiti alichokiacha mwalimu mkuu pembeni. Bikari alisogea ubaoni. Alisoma swali la nane kutoka kitabuni, pembetatu pacha, akaichora upya, akaandika nyuzi za pembe ya juu, akauliza nani anajua pembe za chini. Hakuna mkono uliopanda. Aliuliza tena. Watoto wote walikuwa wamegeuza vichwa kule kwenye kiti.

"Tazameni ubaoni," Bi Mraba aliwaambia.

Hakuna aliyegeuka.